Koti la Baba Mdogo

Wanaume wanne walikuwa wanaing'oa nguzo ya nyumba ya mama yangu, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye kliniki ya meno, Oud Metha, Dubai, nimevaa glavu, mikono imejaa koleo za kung'olea meno. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye boksi la barakoa, juu ya mashine ya kuchemshia vyombo. Niliona vichwa vyao vikiinama na kuinuka. Niliona udongo mwekundu ukimeguka kuzunguka shimo. Kisha nguzo ikalala chini, na mmoja wao akapangusa viganja kwenye suruali, kama mtu aliyemaliza kazi ya halali.

"Allen!" nilipiga kelele. "Allen, wewe umesimama tu?"

Allen ndiye fundi niliyempa kazi ya kujenga. Ndiye aliyeshika simu upande wa pili.

"Dada Caren, hawa ndio wenye boma," alisema. "Mimi ni mgeni hapa. Nipigane na wenyewe?"

Hapo uso wa baba mdogo Ignatius ukajaa kioo chote. Huyu ni mdogo wake marehemu baba. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, lile ambalo halivui hata jua likiwaka namna gani, na jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni.

"Caren, mwanangu," alisema kwa upole, ule upole wake unaonitia kichefuchefu. "Nyumba ya mjane haisimamishwi na fundi. Wewe unajua. Na kama umesahau huko Uarabuni, mama yako hajasahau."

Akakata simu. Mimi nikabaki natazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo cheusi, na koleo bado ziko mkononi.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi, mvua za masika zikianza kwetu. Ngoja nieleze mila yenyewe ilivyo. Nimeshawaeleza watu wengi hapa Dubai, Waganda, Wafilipino, hata dereva mmoja wa teksi kutoka Peshawar, na kila nikieleza damu hunichemka upya. Kwetu Ugenya, magharibi mwa Kenya, mume akifa, mjane hajengewi nyumba mpya mpaka apatikane mwanamume wa ukoo wa kumrithi. Huyo mrithi ndiye anayechimbia nguzo ya kwanza. Na mpaka nyumba ya mama isimame, wanawe wa kiume hawana ruhusa ya kujenga zao. Siku hizi wengi hawafanyi tena mambo ya kitandani. Wanasema ni ishara tu: mrithi analeta koti lake, linatundikwa chumbani kwa mjane, basi, mila imetimia, watu wanakula kuku.

Ishara tu! Lakini koti lina mwenyewe. Likishatundikwa, mwenye koti ndiye mwenye boma. Atakalia kiti cha baba. Ataamua ng'ombe yupi auzwe na shamba lipi lilimwe na nani. Na baba mdogo Ignatius hakuhitaji kufundishwa. Maua ya kaburi la baba hayajanyauka, yeye tayari anaendesha baiskeli ya marehemu kwenda sokoni, na kengele anaipiga akipita mbele ya mjane.

Mama alimkataa. Alisimama mbele ya ukoo mzima na kitambaa chake cha akina mama wa kanisa, akasema ameolewa mara moja na imetosha. Hakupaza sauti. Wakamwambia basi akae hivyo hivyo na nyumba yake ya zamani, tuone. Nyumba yenyewe iliinama upande mmoja mwaka ule ule, ukuta wa nyuma ukamomonyoka, na mama akahamishia godoro jikoni, kwenye kibanda cha moshi, akilala na kuku. Nilimwona kwenye simu akisogeza mitungi ili apate pa kuweka miguu. Alikuwa anacheka, ananiambia jikoni kuna joto zuri. Nilikata simu nikaenda msalani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Watu huchanganya hayo mawili.

Ndipo nikamtafuta Allen. Nilimtafuta makusudi kutoka Butere, kwa Waluhya, kwa sababu fundi wa kwetu hangethubutu kushika jembe mahali pale, hata ungemwahidi nini. Nikamwambia, fika alfajiri, chimba, simamisha nguzo, wakiamka waikute imesimama. Niliona nimewaweza. Hapa Dubai jengo linatoka chini leo na kesho kutwa limefika mawinguni, na hakuna mtu anayeuliza mjane ni nani. Nilikuwa nimekaa humu miaka mingi kiasi cha kudhani nguzo ni nguzo.

Sikuwa peke yangu niliyekuwa najenga. Daktari wetu wa meno, madam Fotini, ni Mgiriki, na yeye alikuwa anajenga kijijini kwa babu zake, juu milimani huko Peloponesi. Hilo ndilo lililotufanya tuongee, kwa maana kabla ya hapo alikuwa ananiambia "Caren, sinia" na "Caren, yalla, haraka" na basi. Siku moja alinisikia nagombana na mtu wa mabati, akaniuliza kuna nini. Tangu hapo saa ya chai tulikuwa tunakaa pamoja kwenye jiko letu dogo la ofisi, wajenzi wawili, kila mmoja na simu yake. Mafundi wake wa mawe walitoweka kila ilipofika sikukuu ya mtakatifu, na huko kwao, alisema, watakatifu hawana mwisho. Zeituni zikiiva wanaacha kazi wote. Mbuzi wa jirani alikula kamba ya kunyooshea ukuta. Bibi mmoja mzee alikuja kila siku na kiti chake kuwaambia dirisha limekaa pabaya. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Mambo hayo yote nilikuwa nayo mimi, hata mbuzi.

Siku moja akanionyesha video ya msingi. Padri wa joho jeusi alinyunyiza maji kwenye pembe nne. Kisha msimamizi wa mafundi akamshika jogoo mwekundu, akamchinjia palepale juu ya jiwe la pembeni, damu ikashuka kwenye msingi, na kijiji kizima kikapiga makofi. Madam alikuwa anafuta machozi. "Bila hivyo nyumba haikai," aliniambia. Nikampa pole ya jogoo, tukacheka, nikampenda kidogo.

Kwa hiyo siku ile nguzo iling'olewa, aliponikuta chumba cha vyombo nimekaa sakafuni, nilimwambia yote. Nilimwambia mjane, nguzo, koti. Akaweka mkono mdomoni.

"Lakini Caren, huo ni ushenzi," alisema. "Karne hii? Kwa nini ninyi watu mnakubali?"

Ninyi watu. Mimi naweza kumtukana baba mdogo Ignatius kuanzia adhana ya alfajiri hadi ya usiku. Ni wangu. Tumetoka ukoo mmoja, nimekula ugali wake. Lakini maneno yale yalipotoka kwenye mdomo wa madam, niliona ametukana nyumba yetu nzima.

"Madam," nilisema, "na yule jogoo?"

"Jogoo gani?"

"Wa msingi wako."

"Hiyo ni tofauti," akasema. "Ile ni mila."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilisimama, nikarudisha koleo kwenye maji ya dawa, nikaendelea kusugua. Wiki ile yote alinisalimia kwa kichwa na kahawa yake akainywea chumbani kwake.

Jumapili akaja Ken. Ken ni kaka yangu mkubwa, mlinzi kwenye majengo ya Silicon Oasis, na siku yake ya mapumziko huja kwangu Discovery Gardens kula chakula cha nyumbani. Nyumbani ni kusema tu, maana ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, mimi huku, na Rosette kutoka Mbarara kule, tena Rosette ana masikio. Nilikuwa nimempikia sukuma na omena, dagaa wa kwetu. Alikula nusu ya sahani kabla hajafungua mdomo, na alipofungua nikajua ametumwa.

"Caren, baba mdogo amenipigia."

"Ehe."

"Sis, hiyo kitu ni fomaliti tu. Ni koti. Si mtu, ni koti."

"Koti la nani?"

"Si unajua."

"Nataka uliseme wewe."

Akaweka kijiko chini. Ken si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka kusimama. Anasimama mlangoni mwa majengo ya watu tangu ana ndevu za kwanza, na sasa ndevu zimeanza mvi.

"Mimi nina mchumba anayenisubiri mpaka ameacha kuuliza," alisema. "Kila mwaka naenda likizo nalala kwenye simba, kibanda cha kijana, mimi mtu mzima, miguu inatoka nje ya kitanda. Sina ruhusa ya kuchimba hata choo, kwa sababu nyumba ya mama haijasimama. Nikianguka hapa leo, wakanirudisha kwa sanduku, wanizike wapi? Wewe umewahi kufikiria hilo? Au wewe hasira yako ni ya mama peke yake?"

"Kwa hiyo mama alipe kwa ajili yako."

"Hakuna anayelipa! Ni koti!"

"Basi mwambie alitundike kwako. Wewe ulale nalo."

Nyuma ya pazia Rosette alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Ken akasimama. Nilimwambia atoke, na nikamwambia asirudi mpaka akumbuke ni nani aliyemzaa, mama au kiwanja. Aliondoka bila kumaliza omena, na Ken hajawahi kuacha omena.

Hasira haikuishia hapo, ikatafuta mtu mwingine. Nikampigia mama. Hakuwa amefanya lolote. Nilimwambia: "Mama, ukikubali koti la mtu yule, usinihesabu. Sitatuma tena hata msumari mmoja."

Nilisikia kuku wakigombana nyuma yake. Ilikuwa inanyesha kwao.

"Nimesikia," alisema mama.

Siku chache baadaye akanipigia yeye, jambo ambalo halifanyi, kwa sababu anaogopa kunikuta kazini. Aliniambia Jumamosi wazee wa ukoo watakuja kukaa. Nikamuuliza nani amewaita. Akasema amewaita yeye.

Jumamosi kliniki hufunguliwa, na wagonjwa huwa wengi. Mchana Allen alipopiga nilikuwa kwenye korido, natafuta pa kusimama. Madam Fotini alipita, akanitazama, akafungua mlango wa chumba chake. "Kaa humu," alisema, na akaufunga mlango kwa nje. Sikumshukuru. Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa, taa kubwa ikiwa juu ya kichwa changu, nikaishika simu kwa mikono miwili.

Wazee walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, mahali palepale penye shimo la nguzo. Mama alikaa peke yake upande wa pili, amejifunga kile kitambaa chake cha kanisa. Baba mdogo Ignatius alikuwa na koti lake, amekunja mguu juu ya mguu. Wakaomba. Wakazungumza sana, wakazunguka, wakamkumbuka baba, wakaikumbuka mvua. Kisha wakamuuliza mama ana neno gani.

"Nyumba naitaka," alisema mama. "Na koti nalikubali."

Nilipiga ukelele. Nilisema mama, hapana! Nilisema Allen, mpe simu. Nilimwita baba mdogo jina ambalo sitaliandika. Hakuna kichwa hata kimoja kilichogeuka. Nikaendelea kupiga kelele mpaka nikaelewa kwamba hawanisikii. Allen alikuwa amezima sauti upande wao. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni mama aliyemwambia aizime kabla wazee hawajafika. Hebu fikiria. Mimi niliyeinunua ile simu aliyoishika.

Mama alikuwa bado anaongea. "Koti litalala chumbani mwangu usiku mmoja, kama mila inavyotaka. Mwenye koti atalala kwake, kwa mke wake. Kukipambazuka aje alichukue mbele ya watu. Asipokuja kulichukua, litakuwa langu, sawa na sufuria na jembe na kila kilicho ndani ya nyumba yangu. Hayo ndiyo maneno yangu. Kama yamevunja mila, niambieni sasa."

Wazee walitazamana. Mkubwa wao, mzee asiyesikia vizuri, aliomba arudiwe maneno, akarudiwa, akatafuna midomo. Akasema haoni mila iliyovunjika. Baba mdogo Ignatius alikuwa anatabasamu. Niliyaona meno yake yote, na mimi meno nayajua. Yeye alikuwa anaona msumari na koti juu yake mpaka mwisho wa dunia. Nani angemlazimisha kuja kulichukua? Alisimama, akavua koti, akaomba jembe, akaichimbia nguzo yeye mwenyewe. Vigelegele vikapigwa. Nikazima simu nikabaki kwenye kiti kile cha meno, nimefumba macho kwa sababu ya taa.

Misumari niliituma. Niliituma nikiwa nimenuna, bila salamu, lakini niliituma, pamoja na saruji na mabati mekundu. Nyumba ikapanda. Allen alinitumia picha kila jioni, fito, kisha udongo, kisha plasta, na mimi nilimjibu kwa neno moja moja. Na mama sikuongea naye ila la lazima. Ilipoezekwa, koti likalala ndani usiku wake mmoja. Kulipokucha baba mdogo hakuja. Akatuma mtu kusema mguu unamuuma. Kesho yake mguu ukawa bado. Mwisho akatuma neno kwamba koti likae tu pale lilipo, halimzuii mtu. Na sokoni akaanza kusema "kule kwangu kwa marehemu." Asubuhi moja akaja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya mlango wa mama, akaagiza uji.

Nilimpigia Ken hata kabla sijavua sare. "Umeona? Umeona hiyo fomaliti yako?" Niligombana na Rosette juu ya jiko. Niligombana na mtu wa lifti. Nilikuwa nimewaambia wote, na kuwa sahihi kulinichoma kuliko kukosea.

Mtama ulipoanza kuiva, mama akanipigia tena saa za kazi. Picha ilikuwa ya jua kali na mashuke yanayoyumba. "Subiri," alisema, akaigeuza simu.

Katikati ya shamba palikuwa na miti miwili iliyofungwa msalaba. Juu yake kibuyu kikuukuu, na kwenye kibuyu mtu alikuwa amechora macho kwa mkaa. Na msalaba ule ulikuwa umevalishwa koti la kijivu. Upepo ulikuwa unanyanyua mikono yake. Ndege mmoja mdogo wa manjano alikuwa ametua begani, wala hana habari.

"Hawamwogopi sana," alisema mama. "Lakini anajitahidi."

Baba mdogo alikuwa ameshaliona. Alikwenda mbio kwa wazee, akawaleta hadi shambani. Mama akawauliza mbele yake: je, alikuja kulichukua kulipokucha? Hakuja. Basi nguo ni yake, na nguo yake ameipa kazi. Yule mzee asiyesikia vizuri alicheka mpaka wakamshika asianguke. Wakamwambia Ignatius alichukue sasa kama analitaka. Angelichukua, ingekuwa amejitoa mwenyewe kwenye boma mbele ya ukoo. Akaliacha. Watoto wa shule wakipita njia ile humwamkia mlinzi wa mtama kwa jina kamili la Ignatius, na mwenye jina siku hizi huzungukia mtoni. Kiti chake amekipeleka kwake.

Ken aliposimuliwa alicheka kwenye simu hadi akakosa pumzi, na mwaka huo huo akachimba msingi wake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha vyombo, na hasira zilikuwa zinanipanda tena kama siku ya kwanza. Kwamba mwanamke wa umri ule, aliyewalea, aliyewapikia kwenye misiba yao yote, ilibidi afanye werevu wa sungura ili alale chini ya bati lake mwenyewe. Kwamba wazee walicheka, wakaenda zao kunywa chai, kana kwamba lilikuwa tamasha. Nguzo ya Allen ilikuwa imesimama wima. Wangeiacha tu.

Nilimwambia mama hayo yote, moja baada ya jingine, na safari hii sauti yangu haikuzimwa. Alinisikiliza mpaka nikaisha maneno. Nilisikia mtama ukisuguana.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi tuongee rangi. Allen anataka kupaka kuta kesho. Mimi nataka kijani."

Rangi nilikuwa nimeshaamua zamani. Nyeupe. Nilimwambia Allen nyeupe hata kabla shimo halijachimbwa. Nilikuwa nimeiona nyumba ile nyeupe kila nilipofumba macho kwenye treni, nyeupe na mabati mekundu, inaonekana kutoka barabarani, na watu wanauliza ni ya nani.

"Mama, kijani ni rangi ya vibanda vya M-Pesa," nilisema. "Nyeupe ndiyo inayofaa. Mimi nimeshamwambia fundi nyeupe, na nyeupe ndiyo atakayopaka. Khalas, basi."

Mama hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ileile aliyoitumia mbele ya wazee.

"Caren, ndani ya nyumba hii atalala nani?"

Nyuma yangu mashine ilianza kulia kwamba vyombo vimeiva. Niliiacha ilie. Nikamwambia apake kijani.